Lengo la Mazoezi kwa Mtu wa Bunagana Aliyefika Ughaibuni

Katika kumbi nyingi za mazoezi za Brussels, Montréal au Louisville, mgeni anayejiandikisha kwa mara ya kwanza huulizwa lengo lake kabla hajagusa chuma chochote, na jibu lake huandikwa pamoja na uzito na urefu wake. Kwa Mkongo aliyekulia Bunagana swali hilo ni jipya, kwa sababu huko mwili hutumika kwa kazi na kwa safari bila mtu kuuwekea shabaha, na kwa hiyo wengi hujibu kwa kuazima malengo wanayoyaona kwenye mabango ya ukumbi wenyewe: kupunguza kilo 10 kwa miezi 2, kuondoa kitambi kabla ya harusi ya ndugu, kupata kifua kama cha kijana aliyebandikwa picha mlangoni. Malengo ya namna hiyo huwafukuza watu ukumbini kuliko uvivu unavyowafukuza, kwa kuwa yanahesabu kitu ambacho mhusika hakitawali, yaani sura ya mwili baada ya muda fulani, na kuacha kando kile anachokitawala, yaani atakachofanya wiki hii.

Bunagana ni mji mdogo wa mpakani katika eneo la Rutshuru, mkoani Kivu Kaskazini, karibu kilomita 60 kaskazini-mashariki mwa Goma, na ng'ambo ya kizuizi cha forodha kuna Bunagana nyingine iliyo katika wilaya ya Kisoro nchini Uganda. Volkano za Sabinyo na Muhabura zimesimama karibu, mashamba ya viazi na maharagwe yamepanda miteremko, na mtu mzima hupanda na kushuka kila siku akiwa na jembe, dumu la maji, gunia, au mtoto mgongoni. Kwenye barabara iendayo Goma hupita chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani lakini kisicho na pedali, ambacho hubeba mamia ya kilo za viazi, kabichi au makaa, na ambacho wakazi wa Goma wamekiheshimu kiasi cha kukisimamishia sanamu katika mzunguko wa barabara jijini mwao. Msukuma chukudu hapimi mapigo ya moyo wala hahesabu hatua. Mzigo, mteremko na bei ya sokoni ndivyo vinavyoamua atatumia nguvu kiasi gani.

Aliye mbali na nyumbani huvutwa kuyasifu maisha hayo, na kudai kwamba babu zake hawakuhitaji ukumbi kwa sababu shamba lilikuwa ukumbi wao. Dai hilo lina ukweli nusu. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa Denmark na Andreas Holtermann pamoja na wenzake umeonyesha kwamba nguvu inayotumika kazini haimpi mtu manufaa ya moyo sawa na yale yanayotokana na mazoezi ya hiari, kwa maana kazi nzito huendelea kwa saa nyingi kwa kasi isiyotosha kuuimarisha moyo, huku ikiweka shinikizo la damu juu mchana kutwa na kumnyima mfanyakazi uhuru wa kupumzika anapochoka. Mama aliyevusha magunia mpakani kwa miaka mingi hajafanya mazoezi kwa miaka hiyo yote. Amebeba mizigo, na mgongo na magoti yake yanahitaji matengenezo kabla ya kuhitaji mzigo mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa Wakongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi, ambao wengi wao huanzia kwenye maghala ya bidhaa na viwanda vya nyama, ambako husimama na kunyanyua kwa zamu nzima, mara nyingi usiku. Mpango wa siku 5 kwa wiki, uliobuniwa kwa karani anayekaa kitini kutwa, hauwezi kuwa mpango wa mtu huyo, na mkufunzi asiyemuuliza anafanya kazi gani hajaanza kumsaidia.

Kuna jambo lingine ambalo fomu za ughaibuni hazina nafasi yake. Tarehe 13 Juni 2022 waasi wa M23 waliiteka Bunagana, kama walivyokuwa wameishika katika vita vya 2012 na 2013, na maelfu ya wakazi walivuka mpaka kuingia Kisoro, wakapokelewa katika kituo cha muda cha Nyakabande, na baadhi yao wakahamishiwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka. Kwa watu wa eneo hilo, saa ya kutoka alfajiri kwenda kukimbia huamuliwa na hali ya usalama, na ratiba yoyote inaweza kukatika kwa wiki au kwa miezi bila kosa la mwenye ratiba. Lengo lisiloweza kusimama na kuendelea tena bila kumwaibisha mtu halifai huko, na halimfai pia ndugu yao aliye Louisville, ambaye usingizi wake hutegemea simu kutoka nyumbani.

Mwili wa anayeanza una utaratibu wake, na lengo la kweli sharti lifuate utaratibu huo. Katika wiki za mwanzo za kunyanyua vyuma nguvu huongezeka upesi, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutoka katika mfumo wa neva, yaani ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuiamrisha misuli iliyopo, ilhali kukua kwa misuli kunakoonekana kwa macho huchukua takriban miezi 2 au zaidi. Anayejitazama kwenye kioo baada ya siku 20 haoni kitu, hukata tamaa, na kuondoka wakati mwili wake umekwisha kuanza kubadilika mahali asipopaona. Maumivu ya misuli yanayofika kilele kati ya siku ya 1 na ya 3 baada ya zoezi jipya ni ya kawaida na hupungua kadiri zoezi linavyorudiwa. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, au kubanwa kifua, ni jambo tofauti linalodai kusimama mara moja na kumwona daktari.

Kuhusu uzito, somo muhimu kuliko yote limetoka Afrika Mashariki. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na Wahadza, jamii ya wawindaji na warina asali wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, kwa kutumia maji yenye atomu maalumu zinazowezesha kukadiria nishati yote ambayo mwili umeitumia kwa siku kadhaa. Wahadza hutembea na kufanya kazi kuliko Wazungu na Wamarekani wa mjini kwa kiasi kikubwa, lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana sana na ya watu wa mjini. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili unaojishughulisha sana hubana matumizi yake kwingineko, na hivyo jasho la ukumbini haligeuki moja kwa moja kuwa kilo zilizopungua. Mazoezi huuimarisha moyo, husaidia kudhibiti sukari na shinikizo la damu, huleta usingizi na kutuliza mawazo. Uzito, kwa sehemu kubwa, huamuliwa sahanini. Aliyehama kutoka kwenye maharagwe, sombe na ugali wa mahindi au muhogo, akahamia kwenye soda na vyakula vya kukaanga vya bei nafuu vinavyouzwa karibu na kituo cha basi, hawezi kulilipa deni hilo kwenye mashine ya kukimbilia. Hata anayerekebisha chakula chake vizuri hushauriwa kutarajia upungufu wa nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki, na kuridhika nao.

Biashara ya kumbi za ughaibuni, kwa upande wake, hujengwa juu ya matumaini ya mteja. Wanauchumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichunguza kumbi 3 za New England nchini Marekani, na katika makala yao ya 2006 walionyesha kwamba wanachama waliochagua mkataba wa mwezi wenye gharama inayozidi dola 70 walifika wastani wa mara 4 hivi tu kwa mwezi, kiasi kwamba kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17 wakati wangeweza kununua tiketi ya ziara 10 kwa dola 10 kila moja. Walilipia watu waliotarajia kuwa. Katika kumbi za mitaani za Goma, ambako vyuma vingine hutengenezwa kwa kumimina saruji kwenye makopo na kuyaunganisha kwa nondo, malipo ya siku moja ni jambo linaloeleweka, na mtu hulipa kwa sababu amefika. Utaratibu huo, ingawa umezaliwa na ukosefu wa fedha, humfanya mteja aamue upya kila mara, na aliye ughaibuni angefanya vyema kuutafuta kwa miezi yake ya kwanza hata kama bei ya ziara moja inaonekana kubwa.

Goma ina utaratibu mwingine wenye thamani zaidi, nao ni mbio za asubuhi za vikundi, ambazo wenyeji, kwa kufuata Kifaransa, huziita futingi. Vijana hukimbia pamoja huku mmoja akitoa mstari mfupi wa wimbo na wengine wakiitikia. Wataalamu wa afya hutumia kanuni iitwayo kipimo cha mazungumzo: zoezi la wastani humruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba kwa raha, na zoezi kali humwachia pumzi ya maneno machache tu. Kikundi kinachoitikia wimbo kwa hiyo kinajipima bila chombo chochote, kwa sababu sauti za nyuma zikinyamaza kiongozi anajua kwamba mwendo umewazidi, naye hupunguza. Mwenye kukimbia peke yake juu ya mashine, amevaa spika masikioni na kutazama namba ya kasi iliyowekwa na jirani yake, amenyang'anywa kipimo hicho na pia wale ambao wangemuuliza kwa nini hakuonekana Jumapili. Ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, Kigali imelipa jambo hilo sura ya kiserikali tangu 2016 kwa kufunga baadhi ya barabara asubuhi maalumu za Jumapili ili watu wafanye mazoezi pamoja, na mfano huo unastahili kuigwa na jumuiya za Wakongo kokote walipo, iwe baada ya mazoezi ya kwaya au kando ya uwanja wa mpira.

Arudiye nyumbani kwa likizo naye ahesabu mwinuko. Ziwa Kivu, lililo kando ya Goma, liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Bunagana iko juu zaidi. Aliyezoea hewa ya Brussels atachoka mapema katika siku za kwanza, na hilo halimaanishi kwamba amepoteza alichojenga.

Kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku anayeanza, lengo linalotekelezeka laweza kuwa hili: siku 2 kwa wiki kwa wiki 12, kila ziara isizidi dakika 45, akianza na uzito anaoweza kuunyanyua mara 12 bila kupinda mgongo na kuongeza kidogo pale tu mara hizo zinapokuwa nyepesi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli, lakini mwongozo huohuo unasema kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na matembezi ya kwenda kazini au kanisani yanahesabiwa. Mazoea hayaji kwa siku 21 kama inavyodaiwa mara kwa mara: Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 wakakuta kwamba tendo jipya lilichukua kwa kawaida siku 66 kuwa la kujiendesha, huku makadirio ya mtu mmoja mmoja yakianzia siku 18 hadi kufikia 254, na kuikosa siku moja hakukuharibu kitu.

Mpango huo uwe pia na kipengele cha kukatizwa, kilichoandikwa mapema. Nguvu ya misuli hudumu karibu yote kwa wiki 2 au 3 za kupumzika, ilhali pumzi hupungua mapema zaidi, na kwa hiyo aliyesimama mwezi mzima, kwa ugonjwa, kwa msiba au kwa habari za vita, aanze tena na nusu ya uzito aliouacha, kwa mwendo wa kuzungumza, na arudishe kilichobaki katika wiki 2 au 3 zinazofuata.