Fundichuma na Mkuyu wa Bondeni

Bibi hakutaka mtoto yeyote ausogelee mkuyu wa bondeni. Juu yake palikuwa na kiota cha fundichuma, na kwa bibi, anayekibomoa anajiitia radi. Kwetu Mbozi, ambako ngurumo za mvua hutikisa mabati, hilo halikuwa tisho dogo. Tulimtazama ndege huyo kwa mbali.

Ni wa kahawia mwili mzima, urefu kama sentimita 56. Mdomo wake mnene mbele na kishungi kilicholala nyuma hukifanya kichwa kionekane kama nyundo. Huingia kwenye maji ya kina kifupi, akakoroga tope kwa mguu mmoja, kisha wa pili, mpaka chura au samaki mdogo akurupuke.

Kilichonishangaza zaidi ni kiota. Dume na jike hukijenga pamoja kwa wiki nyingi, vijiti kwa maelfu, hadi upana wa mita moja na nusu. Paa lake hubeba uzito wa mtu mzima, na njia ya kuingilia husilibwa udongo. Wakimaliza huweza kuanza kingine, hata kama hawatagi. Vilivyoachwa huhamiwa na bundi, nyuki, hata nyoka. Hao wawili wa mwisho peke yao walitosha kutuzuia, ila bibi hakuwahitaji.

Mkoa wetu wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mji wa mpakani wa Tunduma ulikuwa tayari unapanuka kila upande. Mabonde yakachimbwa udongo wa matofali, miti ikaishia kwenye matanuri. Fundichuma hakuhama. Mashimo yakijaa mvua, vyura huzaliana humo, naye huwafuata. Nimemwona mtaroni, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, akikoroga maji machafu vilevile. Kiota chake siku hizi kina vipande vya mifuko ya salfeti na kamba za plastiki. Korongo taji, ndege mwingine wa penye maji, hana uwezo huo wa kuzoea mabadiliko. Anataka maeneo oevu mapana na utulivu, na tangu 2012 ameorodheshwa duniani kuwa hatarini kutoweka.

Iliyopotea ni hofu. Vijana wanaofyatua matofali hawaijui radi ya bibi. Mkuyu wenye kiota kwao ni kuni. Siitamani hofu ile irudi, maana ushirikina huohuo umewafanya wazee wengi wasio na hatia wanyooshewe vidole kuwa wachawi. Lakini ndiyo iliyokuwa ikiulinda mti. Fundichuma anaweza kula popote penye maji, ila mzigo ule wa vijiti unataka panda nene, na mikaratusi iliyonyooka tunayopanda haina.

Hofu imekwisha, lakini sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mikuyu mingi niliyoiona ikiangushwa ilikuwa ndani ya mita hizo.