Damu Iliyorudi

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi akina mama, nisameheni nikitaja jambo ambalo twalificha. Nalitaja kwa sababu kufichwa kwake karibu kuninyang'anye shangazi yangu.

Mwaka juzi shangazi alianza kuona damu tena, kidogo kidogo, na hali hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mitatu. Jirani zake walicheka: "Umerudia usichana!" Akanywa dawa za mizizi miezi minne. Aliponiambia, alinong'ona kana kwamba ametenda dhambi. "Mwanangu, labda hedhi yangu haijakoma bado. Mimi sijafika hata hamsini."

Mimi ni karani wa parokia. Madaftari ya ubatizo nayatunza mimi. Nikafungua la zamani, nikalikuta jina lake. Alikuwa na miaka 58. Nikafunga daftari, nikamwambia: "Shangazi, kesho twende hospitali."

Huko daktari alimwuliza kwanza: hedhi ilikoma lini, damu yatoka kiasi gani, anatumia dawa gani? Kisha akatazama mlango wa mji wa mimba, maana saratani ya mahali hapo nayo hutoa damu. Akampima kwa ultrasaundi. Mama aliyekwisha koma hedhi, ukuta wa ndani wa mji wake wa mimba huwa mwembamba, kwa kawaida milimita 4 au chini yake. Wa shangazi ulikuwa 12. Basi wakachukua kipande kidogo cha ukuta huo kwa mrija mwembamba, kikapelekwa maabara. Bila kipimo hicho, hakuna awezaye kusema kwa hakika.

Majibu yakaja: saratani, lakini bado changa. Mji wa mimba ukatolewa. Leo shangazi analima mihogo yake.

Akina mama, shikeni haya. Hedhi ikikaribia kukoma, siku kupishana ni kawaida. Lakini damu nyingi mno, au ya siku nyingi, au ya katikati ya hedhi na hedhi, au ya baada ya kukutana na mume, ipimwe. Na miezi 12 ikipita bila hedhi, hata tone moja latosha kukupeleka hospitali. Wengi hukutwa na kisa kidogo. Lakini katika kumi, karibu mmoja hukutwa na saratani ya mji wa mimba.

Nanyi akina baba, mama akinong'ona, msicheke. Mpeni nauli.