Paje: Bahari Iliyo Shamba la Akina Mama

Akina mama wengi wanaotutembelea Unguja kutoka Bara huishia Mji Mkongwe. Wanaliona kanisa la Mkunazini, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga mahali palipokuwa soko la watumwa hadi 1873, wananunua karafuu Darajani, kisha wanawahi boti ya jioni. Wachache wanajua kwamba hapo Darajani waliposimama palikuwa na maji. Zamani Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa: mbele bahari, nyuma mkono wa bahari uliojaa na kupwa, na daraja la kuvukia kwenda Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa kidogo kidogo, yakabaki majina.

Mama mpendwa, ukitaka kuona maji kama hayo yakiwa bado hai, panda daladala la Paje. Utapita Tunguu, utapita msitu wa Jozani ambako kima punju huvuka barabara bila haraka, halafu utafika pwani ya mashariki. Huko kuna bahari mbili. Ya nje utaijua kwa mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani. Ya ndani, kati ya mwamba na mchanga, ni tulivu na haina kina, na maji yakipwa hubaki magotini.

Mgeni huiona bahari hiyo ya ndani kuwa ni mahali pa kuogelea tu. Kumbe ni shamba. Tangu 1989 akina mama wa Paje na Jambiani wamekuwa wakilima mwani wa kuuza, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wanapigilia vigingi mchangani, wanafunga kamba, na kila kamba wanaifunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Ukikauka unasafirishwa ng'ambo, na utomvu wake unaingia katika dawa ya meno na aiskrimu. Yawezekana asubuhi hii umepiga mswaki kwa jasho lao. Fedha hizo, hata kama ni kidogo, zimenunua madaftari na kuezeka nyumba, na mama alizishika kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo macho yangu yalikwenda kwenye miguu. Wanakaa ndani ya maji ya chumvi kwa saa nyingi, migongo imeinama, jua linawapiga machoni kutoka juu na tena kutoka majini. Nilimwamkia mmoja wao, "Shikamoo bibi," nikamwuliza habari za kazi. Alisema siku hizi maji yanachoma kama ya kumkandia mzazi. (Maji hayo ya kukandia tunayakemea sana kliniki, lakini nilimwelewa.) Joto hilo ndilo linalowatia hasara. Mwani wa aina ya kotonii, ambao bei yake ni nzuri, hufa bahari ikipata joto. Ule wa spinosamu huvumilia zaidi, ila bei yake ni ndogo. Wanashauriwa kupanda kwenye kina kirefu, lakini huko panataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea. Wengine hapo Paje wameamua kuusaga mwani na kutengeneza sabuni, na naona hao wamefikiri vizuri.

Tena hoteli zimejaa ufukweni, na wageni wanaovutwa na tiara hupita juu ya maji yale yale. Huko Hispania kuna ukanda wa mchanga wenye mahoteli kati ya ziwa la chumvi la Mar Menor na bahari. Unaitwa La Manga, ingawa hauhusiani na Wamanga wetu. Mbolea za mashamba ya jirani ziliingia ziwani, na 2019 samaki kwa maelfu wakafa ufukweni. Mwaka 2022 Hispania ikatunga sheria ya kulipa ziwa hilo haki kama mtu. Bahari ya Paje haijafika huko, lakini maji ya ndani hayana pa kukimbilia uchafu ukizidi.

Ukienda na watoto, wavalishe yeboyebo, kwa sababu kuna wale wanyama weusi wenye miiba, na taa hujificha mchangani. Mtu akichomwa na taa, mtumbukize mguu katika maji ya moto yasiyounguza kwa muda wa nusu saa au zaidi, kisha mpeleke kituo cha afya. Jifunge kanga unapopita kijijini. Msikanyage kamba za watu, wala usimpige mama picha kabla hajakubali.

Na kabla hujaondoka Mjini uliza saa ya maji kupwa, maana kila siku husogea kwa karibu dakika 50. Ukifika maji yamejaa utaona bahari nzuri tu. Wenye shamba watakuwa nyumbani wakianika mwani.