Shosho, muthokoi na kitabu cha Thika

Kama umekuwa ukinifuata tangu zile video za chapati na samaki wa Fourteen Falls, unajua mimi ni mtu wa tumbo. Vitabu niliviacha mwaka wa pili wa chuo, karo iliponishinda. Sai nakaa Ngoliba kwa shosho, na kwa miezi minane shosho alikuwa anajua niko likizo. Likizo ya miezi minane! Mimi ndiye nilimwambia hivyo, na kila akiniombea mbele ya wageni nilikuwa naangalia chini.

Sasa, kuna mzee hutandaza vitabu vya mtumba karibu na steji, Thika. Hapo ndipo niliokota The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kilichotoka 1959. Mia moja na hamsini. Nilikinunua kwa sababu ya jina tu, manze. Ni mara ngapi unaona mji wenu kwenye jalada la kitabu? Mpango ulikuwa video ya dakika moja: nicheke vile wazungu walituandika, nipate laiki zangu, niende.

Shida ni kwamba ni kitamu. Mtoto wa kizungu anapelekwa Thika na mama yake kabla ya vita vya kwanza vya dunia, kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Nairobi, barabara ambayo mimi naipita na matatu nikilalamika juu ya jam. Wanapanda kahawa. Wanapanda ile miti ya maua mekundu kama moto, ambayo kwa Kiswahili inaitwa kifabakazi, na mimi nimepita chini yake maisha yangu yote bila kuuliza jina. Hata Blue Posts imo, ile hoteli ya pale kwa maporomoko, iliyoanza 1908. Nikajikuta nasoma saa sita usiku na tochi ya simu.

Shosho akaona. Kwake, mtu anayesoma usiku ana mtihani.

Siku moja alikuwa anatengeneza muthokoi. Kama hujui muthokoi, pole sana. Ni mahindi makavu: unayanyunyizia maji kidogo, unayatwanga kwenye kinu mpaka ganda litoke, unapepeta, halafu unayachemsha na maharagwe au mbaazi mpaka mchana uishe. Shosho ni Mkamba na kwa hii kitu hana utani. Muthokoi wa kununua ukiwa umeshakobolewa anauita chakula cha wavivu. Mimi nilipewa mchi, na nikishachoka nilipewa kazi ya wasomi: "Nisomee hicho kitabu chako."

Nikaanza kumtafsiria, Kiswahili na Kikamba changu cha kuokoteza. Ng'ombe alipenda. Alicheka mahali wanahangaika na joto na vumbi. Halafu nikafika pale baba ya mtoto alinunua shamba, ekari 500, akiwa kwa baa ya hoteli ya Norfolk, Nairobi.

Shosho akasimamisha ungo. "Alinunua kwa nani?"

"Kwa mzungu mwingine."

"Na huyo alinunua kwa nani?"

Nikageuza kurasa kama mtu anatafuta risiti. Shosho alichuma kahawa ya wazungu akiwa mtoto, shule akaishia darasa la pili. Hakusema lingine. Alirudi kupepeta, lakini sasa kwa nguvu kidogo.

Ukisimama uani kwetu unaona Kilimambogo, na huko juu amezikwa McMillan, Mmarekani tajiri aliyefariki 1925. Alikuwa mnene kupindukia, na stori ya huku ni kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini jeneza likawashinda njiani. Mke wake akamjengea ukumbusho Nairobi, Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili mlangoni, iliyofunguliwa 1931. Mpaka karibu na uhuru, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Kwa hivyo shosho alikua akiangalia kaburi la mtu ambaye maktaba yake ingemfungia mlango. Nimefikiria hiyo kitu sana, kwa sababu mimi nimeingia humo bure, nikakaa, nikachaji simu.

Na hapana, sijakichukia kitabu. Najua wengine mtaniambia nikitupe. Huyo mama anaona vizuri sana, vumbi, wadudu, watu wazima wakidanganyana, halafu kuna swali moja la shosho ambalo halimsumbui vya kutosha. Nataka kusoma vyote viwili, alichoona na alichopita.

Muthokoi ulikuwa umeanza kunukia vizuri shosho aliponiuliza, bila kuniangalia, "Mtihani ni lini?"

Ningeweza kusema mwezi ujao. Ulimi ulikuwa tayari.

"Hakuna mtihani, shosho. Niliacha chuo. Karo."

Alisonga kuni ndani. Akafunika sufuria. Mimi nikahesabu mbaazi zilizoanguka chini.

"Kwa hivyo hiki unasoma na hakuna mtu amekutuma?"

"Hakuna."

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Utampigia leo jioni, nikiwa hapa." Akavuta kigoda karibu na moto. "Haya. Hiyo kahawa yao ilishika?"

Nikafungua nilipokuwa nimekunja ukurasa.