Nilimkataza Mama Kuimba

Umewahi kumnyima mtu kitu anachokipenda, huku ukiamini kabisa kwamba unamsaidia? Mimi nimewahi. Nilimkataza mama yangu mzazi kuimba.

Mama ni mtu wa kwaya. Kule kwetu Tukuyu aliimba sauti ya pili kwa zaidi ya miaka 30, na siku za kazi alikaanga maandazi kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Maandazi hayo ndiyo yaliyonisomesha mpaka chuo kikuu. Moshi nao ukamwachia zawadi yake: kikohozi kisichoisha, kifua kinachotoa mluzi, na pumzi inayokatika hata akifunga viatu. Majirani wakaanza kunong'ona kuhusu TB. Alipimwa makohozi, hakuwa nayo. Daktari akatuambia ni ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaobana njia za hewa taratibu. Wengi tunaujua kama ugonjwa wa wavuta sigara, lakini mama hajawahi kushika sigara. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5. Si ugonjwa wa mchezo.

Basi nikamleta Dar tukae naye, na mimi nikageuka askari. Mama usifue. Mama usiiname. Mama pumzika. Jumapili moja alikuwa anaimba jikoni, pumzi ikamwishia katikati ya ubeti, akashika meza. Niliogopa, jamani! Nikamwambia, "Mama, kuimba sasa basi."

Akaniangalia, akasema, "Sawa, baba."

Hakuimba tena. Wiki zikapita, akawa mtu wa kulala tu, hata barazani hatoki.

Aliyenivaa ni mke wangu. Usiku, tukiwa chumbani, akaniuliza, "Hivi unamlinda mama, au unatuliza hofu yako wewe?" Siku mbili tukawa tunasalimiana kwa adabu tu. Wenye ndoa mnanielewa. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshaanza kusoma.

Alichokipata kilinishangaza. Hospitali ya Royal Brompton ya London imekuwa ikiwafundisha wagonjwa wa mapafu kuimba. Katika utafiti wao uliotoka mwaka 2012, kundi moja liliimba mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, jingine likakutana kuangalia filamu. Makundi yote yalifurahi, lakini walioimba ndio waliojiona wana nafuu zaidi mwilini. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Denmark wenye wagonjwa 270. Baada ya wiki 10, walioimba waliongeza umbali wanaotembea kwa dakika sita, na hawakuachwa nyuma na wale waliofanya mazoezi ya kawaida ya viungo.

Kwa nini? Mgonjwa wa aina hii hasumbuliwi sana na kuvuta hewa, anasumbuliwa na kuitoa. Hewa ya zamani inanasa kifuani, mpya inakosa pa kukaa. Akiingiwa na hofu anahema harakaharaka kwa mabega, na hewa inazidi kunasa. Mwimbaji anafanya kinyume: anakaa wima, analegeza mabega, anavuta hewa mpaka tumboni, halafu anaitoa polepole hadi mwisho wa mstari. Yaani nilichomkataza mama ndicho kilichokuwa zoezi lake!

Tulimuuliza daktari kwanza. Akakubali, ila akasisitiza: dawa za kuvuta ziko palepale, na kuimba hakurudishi mapafu yaliyokwisha kuharibika.

Tukaanza na dakika kumi kila jioni baada ya chai. Mama kwenye kiti, mke wangu anaanzisha, na mimi nisiye na sauti nikapewa kazi ya kuhesabu. Siku ya kwanza pumzi yake ilifika nne. Wimbo tukaukata vipande vifupi, akichoka tunasubiri. Leo, miezi mitano baadaye, anafika tisa. Bado anakohoa, na asubuhi za baridi bado zinamsumbua. Lakini njia ya kwenda dukani kwa Mangi, aliyokuwa akipumzika mara tatu, sasa anapumzika mara moja.

Mwezi uliopita alijiunga na kwaya ya kina mama hapa mtaani. Wamemwekea kiti mstari wa mbele. Njiani nikimsindikiza, nikamwomba msamaha. Akacheka, akakohoa, akasema, "Baba, ulikuwa unaogopa. Hata mimi nilikuwa naogopa."

Wapendwa, kama mzazi wako anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, mpeleke akapimwe TB kabla ya jambo lolote. Akikutwa na ugonjwa kama wa mama, fuateni dawa, mtoeni kwenye moshi, na muulizeni daktari kuhusu mazoezi. Halafu wewe na mwenzi wako kaeni chini mmuulize mzee kitu kimoja ambacho mimi sikumuuliza mama: tangu uugue, unakikosa nini zaidi?