Shetani Aliyekalia Jiwe la Mama

Mjukuu wangu, ile picha iliyopauka juu ya kabati usiicheke. Mbegu yake niliiokota Dar es Salaam mwaka 1984, enzi za foleni za sukari na sabuni, nilipopotea njia Upanga nikajikuta Nyumba ya Sanaa. Ukuta mzima ulijaa mashetani wa George Lilanga, yule mchoraji Mmakonde wa Masasi: masikio mapana, midomo minene, miguu ya vidole viwili, wanasukumana na kucheka kama abiria wanaogombea basi la mwisho. Niliduwaa pale mpaka mlinzi akakohoa.

Niliporudi Singida, nilikokuwa nikiandika vibao vya maduka, nilinunua kikopo cha rangi ya baiskeli kwa shilingi 60 na kuomba kipande cha silingibodi kwa fundi. Siku tatu chumba kilinuka rangi na mafuta ya taa, nami namwiga Lilanga nukta kwa nukta. Nilipomaliza, mashetani wangu walikuwa wamenuna, kama wageni ambao hakuna aliyewapa kigoda. Mshona viatu wa jirani alichungulia, akauliza tu, "Hawa wa wapi?"

Swali lile lilinitoa nyumbani. Jioni nikashuka hadi ziwa Singidani. Upepo wetu unaujua, ulikuwa unanichapa vumbi machoni. Ukingoni magadi yameganda meupe, heroe wamesimama majini kwa mguu mmoja, na nyuma yao yale majabali yaliyobebana tangu dunia iumbwe. Usiku nikaipaka picha upya. Safari hii mashetani niliwatoa ndani ya mawe: mmoja bega lake jabali, mwingine shingo ya heroe, anafyonza ziwa kwa bua la alizeti. Washairi wa Ufaransa walikwisha kuipa sanaa ya ndoto jina lake tangu 1917, usurealisti. Mimi nilichojua ni kwamba wageni wangu sasa wamepata pa kukaa.

Asubuhi mama yangu aliingia na ungo wa mtama kiunoni. Akanusa rangi, akakunja pua, kisha akamwekea kidole yule aliyenona kuliko wote.

"Huyu kakalia jiwe langu la kuanikia. Mwambie ashuke."

Nikamwahidi atashuka. Mama alikwenda zake zamani. Shetani bado kakaa.