Barua kutoka Ohio: Sinia Kwanza, Uma Baadaye

Ndugu zangu,

Vyuo vingi vya Marekani huwaandalia wanafunzi wanaokaribia kuhitimu chakula cha jioni chenye mwalimu wa adabu za mezani. Sababu ni kwamba waajiri wengine humwalika mwombaji kazi mezani wakamsaili huku wakila.

Hivi karibuni nilialikwa kusaidia katika jioni kama hiyo. Mwalimu alieleza kila jambo na sababu yake. Vijiko, visu na uma vya nje ndivyo vinavyotangulia, kisha unaingia ndani kadiri vyakula vinavyoletwa. Sahani ya mkate ni ya kushoto, glasi ni ya kulia. Ukikosea, jirani yako atakosa chake. Mkate humegwa kwa mkono. Wamarekani wengi hukata nyama, kisha huuhamishia uma mkono wa kulia. Waingereza huuacha kushoto. Zote ni njia sahihi. Ukimaliza, laza kisu na uma sambamba juu ya sahani, mhudumu ajue aondoe.

Kwenye meza yangu alikuwapo binti wa Mombasa, kimya, hagusi kitu. Nikamwuliza nyumbani alifundishwa nini kwenye sinia. Akajibu bila kusita: kunawa, kungoja wakubwa waanze, kula kwa mkono wa kulia, kula upande wako, kutochagua minofu, kutoinuka wageni hawajashiba.

"Basi, mwanangu," nikamwambia, "somo unalo. Kilichobaki ni vyombo tu."

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambieni. Amri za sinia na za uma zina shina moja: kumjali unayekula naye. Aliyelelewa hivyo huuzoea uma kwa jioni moja. Asiyelelewa hivyo ataushika barabara, na bado atainamia simu mwenzake akizungumza.

Vijana wenu wanakwenda kwenye usaili, hotelini na ukweni. Wafundisheni uma, ni haki yao kuujua. Lakini kwanza kuleni nao. Nikija likizo naona kila mtu anajipakulia na kwenda zake na sahani. Hata mara moja kwa wiki, kaeni pamoja, simu ziwekwe mbali, mdogo awamiminie wakubwa maji ya kunawa. Na kijana akikosea, msimkaripie mbele ya wageni. Mwambieni baadaye, faraghani. Kumwaibisha mtu akiwa anakula ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kushika kijiko vibaya.

Wenu,
Ndugu yenu wa ughaibuni